Wiki ya Usomaji Isiyosahau Kusoma

Barua kuhusu wiki ya usomaji katika shule za msingi zimetufikia kutoka kwa walimu, wazazi, na hata walezi ambao hawakuwahi kukaa darasani. Tumechagua sita na kuzifupisha. Anayejibu ni mwalimu mstaafu aliyewahi kusimamia wiki za namna hii, zilizofana na zilizoharibika.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Mwalimu mkuu amenikabidhi kazi ya kuandaa wiki ya usomaji ya shule nzima, na zimebaki wiki sita. Mwaka jana tulikuwa na maandamano ya mavazi ya wahusika wa hadithi, shindano la kupamba milango ya madarasa, shindano la tahajia na mgeni rasmi aliyehutubia. Kila mtu alisema sherehe imefana. Jumatatu iliyofuata niliwauliza wanafunzi wangu walisoma kitabu gani wiki ile, wakabaki kutazamana. Nianzie wapi ili jambo hilo lisijirudie?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hilo swali lako la Jumatatu ndilo kipimo chenyewe, na linafaa kuulizwa kabla ya sherehe kuliko baada yake. Chukua ratiba ya mwaka jana, na kando ya kila shughuli uandike dakika ambazo mtoto wa kawaida, namaanisha yule ambaye si bingwa wa tahajia wala hakuvaa vazi la simba, alikuwa na maandishi mkononi na akayasoma. Niliifanya hesabu hiyo mara moja, baada ya wiki niliyoisimamia mwenyewe na kupongezwa kwayo mbele ya wazazi. Nilipata dakika 11 kwa siku zote tano. Muda uliobaki uliliwa na gundi, makasi, kupanga mistari na kusubiri.

Kwa hiyo, kabla hujafikiria shughuli yoyote, tenga muda. Weka dakika 20 kila siku, saa ileile, asubuhi ikiwezekana, ambapo kengele ikigongwa kila aliyemo shuleni anasoma kitu alichokichagua mwenyewe. Ninaposema kila aliyemo ninawahesabu pia mwalimu mkuu, karani, mpishi na mlinzi wa lango, kwa sababu mwalimu anayesahihisha madaftari wakati watoto wanasoma anawafundisha, bila kusema neno, kwamba kusoma ni kazi ya wadogo. Darasa la kwanza usilibane kwa dakika 20. Waanze na nane au kumi, na usiwadai ukimya, maana mtoto anayeanza kusoma huhitaji kulisikia neno likitoka mdomoni mwake. Mnong'ono wa darasa la kwanza ndio ukimya wao.

Hata hivyo, muda peke yake hautoshi. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani lilitoa taarifa yake, na moja ya mambo lililoyasema ni kwamba halikupata ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa kuwaachia wanafunzi wasome kimya, bila mwongozo wala maoni ya mwalimu, kunawaongezea umahiri. Wako waliolichukua neno hilo wakafuta kabisa kipindi cha kusoma kimya, na kwa maoni yangu walikosea, lakini onyo lenyewe ni la haki: mtoto anaweza kukaa dakika 20 akiwa amefungua kitabu huku akihesabu mende darini. Dawa yake ni ndogo. Dakika mbili za mwisho kila mmoja amgeukie jirani yake na kumsomea sentensi moja aliyoipenda au iliyomshinda, na wewe upite katikati ya madawati ukisikiliza. Siku ya tatu utakuwa unawajua kwa majina wale ambao hawajafungua ukurasa.

Sasa vitabu. Wiki ya kwanza kati ya hizo sita itumie kuhesabu, na hesabu yenyewe iwe ya vitabu ambavyo mtoto anaweza kuvishika, maana kilichofungiwa kabatini hakihesabiki. Nitakupa siri ya kamati: iwe na watu wanne au watano tu, mmoja wao awe mwanafunzi wa darasa la juu, na mwingine awe yule mwenye funguo za kabati la vitabu. Nimeona mipango mizuri ikifa kwa sababu mwenye funguo hakushirikishwa na siku yenyewe akawa safarini. Kama kwa kila mtoto kuna kitabu kimoja tu, bado ni haba, kwa kuwa aliyechagua vibaya anahitaji kurudi kuchagua tena. Jazia pengo kwa magazeti ya watoto, hadithi zilizomo katika vitabu vya kiada vya miaka iliyopita, na hadithi ambazo madarasa ya juu wataziandika na kuzishona mapema kwa ajili ya wadogo wao. Vipange ndani ya maboksi jalada likitazama mbele. Mtoto huvutwa na picha ya jalada. Ukimwonyesha migongo ya vitabu, huwa unamwonyesha ukuta.

Ili wachague bila kukuuliza kila mara, wafundishe kipimo cha vidole. Mtoto hufungua ukurasa wa katikati, husoma, na kila anapokutana na neno asilolijua hukunja kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kimsubiri kidogo. Usikifanye kipimo hicho kuwa sheria. Mtoto anayependa nyoka atapita na kitabu cha nyoka kilichomzidi vidole kumi, na hupaswi kumnyang'anya.

Milango mliyoipamba mwaka jana mnaweza kuitumia vizuri zaidi. Kila mwalimu achague kitabu kimoja atakachokisoma kwa sauti, abandike mlangoni picha ya jalada na sentensi mbili za kutega, bila kuandika jina lake. Siku mbili kabla, watoto wapite kwenye korido na kuchagua mlango wa kuingia, wakichukua tiketi za karatasi zinazolingana na idadi ya viti, la sivyo chumba kimoja kitafurika na kingine kitabaki na watoto watatu na mwalimu aliyevunjika moyo. Nusu saa hiyo ndiyo wanayoikumbuka wengi. Mtoto hugundua kwamba mwalimu wa hesabu, anayemjua kwa ukali, anaweza kuigiza sauti ya chura.

Walimu nao wajifunze kushika kitabu, jambo ambalo hakuna anayetufundisha. Kitabu cha picha kikishikwa kifuani, msomaji hulazimika kukigeuza kila baada ya ukurasa, na walioko nyuma hupiga kelele kwamba hawajaona. Kishike pembeni ya bega, usawa wa sikio, kikiwa kimefunguliwa kuelekea kwa watoto tangu mwanzo, kidole gumba kikibana sehemu ya chini ya katikati, na wewe usome kwa kukichungulia kwa ubavu. Hilo linawezekana ikiwa hadithi unaijua karibu kwa moyo, na ndiyo sababu ninasisitiza isomwe nyumbani mara tatu. Fika kwenye sentensi ya mashaka, nyamaza, hesabu moja hadi tatu, ndipo ufunue ukurasa.

Mavazi ya wahusika sikukatazi, lakini fikiria mzazi anayepata taarifa Jumatano kwamba Ijumaa mtoto avae kama mfalme. Wapo watoto ambao siku hiyo husingizia homa. Badala yake, jaribuni maandamano ya maneno: kila mtoto anachagua neno moja alilokutana nalo katika kitabu wiki hiyo, analiandika kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi ya manila, analivaa shingoni kwa uzi, na yeyote atakayemsimamisha njiani ana haki ya kuulizwa, “Unajua maana yangu?” Gharama ni karatasi na uzi. Mwaka tulioufanya, mtoto mmoja wa darasa la pili alivaa neno “walakini”, na ilipofika saa sita kila mtu alikuwa amekwisha kulitumia.

Shughuli nyingine ambayo singeiacha ni kuwaunganisha wakubwa na wadogo, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita na mmoja wa darasa la kwanza. Mkubwa apewe kitabu siku tatu kabla ili akifanyie mazoezi. Faida iliyojificha ni kwamba msomaji dhaifu wa darasa la sita anapata sababu ya heshima ya kusoma kitabu chepesi bila kuchekwa.

Kuhusu mgeni rasmi, wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wa kwetu mwaka mmoja alichelewa saa nzima, akahutubia dakika 40 juu ya umuhimu wa kusoma, kisha akafungua kitabu ambacho hakuwahi kukifungua, akasoma kurasa mbili zilizokuwa zimegandamana na kuruka katikati ya hadithi, ambapo mwindaji aliyekuwa amekufa akafufuka na kuendelea na safari. Watoto waliokuwa wamekaa tangu asubuhi walicheka hadi wakajisahau, na yeye akadhani amewafurahisha. Tangu hapo nilimpelekea kila mgeni kitabu wiki moja kabla, na barua fupi ya heshima yenye mstari mmoja uliopigiwa kistari: tunakuomba usome, usihutubie. Hakuna aliyewahi kukasirika.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la nne na bado anasoma kwa kusitasita. Kila wiki ya usomaji inapokaribia anaumwa tumbo, kwa sababu walimu huita wanafunzi wowote kusoma mbele ya shule nzima. Nimfiche nyumbani siku hizo?

JIBU: Mzazi mpendwa, maumivu hayo ya tumbo ni ya kweli hata kama daktari hataona kitu. Usimfiche, kwani atarudi akiwa na deni la siku tano na aibu ileile. Nenda kwa mwalimu wake kabla ya wiki kuanza, peke yako, na uombe mambo mawili: asiitwe bila kupewa taarifa, na kama atasoma mbele ya watu, kifungu chake akipate siku kadhaa kabla. Mwalimu muungwana hatakukatalia. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani aitwaye S. Jay Samuels alieleza njia ya kumsomesha mtoto kifungu kifupi kilekile mara kadhaa mpaka kitoke kwa ulaini ndipo ahamie kingine, na njia hiyo imetumika sana tangu wakati huo kwa watoto wanaosoma kwa kusita. Maana yake kwako ni kwamba kurudia si udanganyifu. Mtoto aliyekisoma kifungu mara nne jioni nne anasoma kweli.

Nyumbani, mkae bega kwa bega na msome kwa pamoja, sauti mbili kwa wakati mmoja. Anapoanza kutiririka, punguza sauti yako polepole hadi abaki peke yake. Akikwama, subiri kidogo, mpe neno, muendelee. Usimwambie aliunganishe kwa herufi katikati ya hadithi, maana atalipata neno na kuipoteza hadithi. Dakika kumi zinatosha, na ziishe kabla hajachoka.

Mchunguze pia macho na masikio. Mtoto anayeleta ukurasa karibu na pua, anayepoteza mstari kila mara, au anayelalamika kichwa, apimwe kwanza. Na ikiwa amefundishwa vizuri, anaona na kusikia vizuri, na bado herufi hazimkai, omba shule ikuelekeze kwa mtaalamu anayeweza kuchunguza disleksia, hali inayofanya utambuzi wa maneno uwe mgumu na ambayo haina uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili.

Kwa walimu wanaosoma jibu hili: kumwita mtoto ghafla asome mbele ya shule nzima hakumfunzi kusoma, na wiki ya kusherehekea usomaji ndiyo wiki mbaya kuliko zote ya kufanya hivyo. Wanaotaka wajitokeze. Wasiotaka wawekwe katika usomaji wa kuigiza, ambapo kundi la watoto sita husimama na karatasi mkononi, kila mmoja na sehemu yake, bila kukariri na bila mavazi. Mazoezi yake yanamlazimisha kila mmoja kurudia sehemu yake mara nyingi, na siku ya onyesho sauti moja inayositasita humezwa na nyingine tano.

SWALI: Kamati yetu imegawanyika. Nusu inataka kumpa zawadi mwanafunzi atakayesoma kurasa nyingi zaidi, na tayari kuna mfadhili. Nusu inasema zawadi zitaharibu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ninaegemea nusu ya pili, ingawa si kwa ukali ambao huenda wanautarajia. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti uliofanywa katika shule ya watoto wadogo huko Marekani. Waliwachukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe endapo watachora. Kundi jingine lilipewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu ziliporudishwa katika muda wa kucheza kwa hiari, wale walioahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupungukiwa na hamu.

Utafiti huo ulihusu watoto waliokuwa na hamu tangu awali. Kwa mtoto ambaye hajawahi kukigusa kitabu, kichocheo kidogo kinaweza kumfikisha mlangoni, nami nimekitumia. Kinachoniudhi ni shindano la kurasa. Tulilifanya mwaka mmoja. Kufikia Jumanne vitabu vyembamba vyenye maandishi makubwa vilikuwa vimeisha rafuni, Jumatano mwanafunzi wangu hodari aliacha hadithi ndefu aliyoipenda katikati kwa sababu “inanichelewesha”, na Alhamisi nilipokea fomu tatu zenye saini ya mzazi iliyoandikwa kwa penseli, na mwandiko wa penseli hiyo niliufahamu vizuri sana kutoka daftari la imla. Aliyeshinda ni yule aliyekuwa anashinda kila kitu. Wengine walijifunza kwamba kusoma ni mbio na wao si wakimbiaji.

Shindano la tahajia la mtoano lina kasoro inayofanana na hiyo: anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa chini kwanza, kisha hutumia saa iliyobaki kuwapigia makofi wasioyahitaji.

Mfadhili msimfukuze. Mwombeni fedha hizo zinunue vitabu, kila mtoto aondoke na kimoja alichokichagua, au kama hazitoshi, kila darasa lipate boksi lake. Mkitaka kutoa kitu Ijumaa, kitolewe kwa wote, bila kutangazwa kabla. Na kama ni lazima awepo mshindi, tuzo iwe haki ya kuchagua kitabu ambacho mwalimu atawasomea wenzake wiki inayofuata. Nimewaona watoto wakiipigania haki hiyo kuliko walivyopigania mpira.

SWALI: Ni tarehe gani inayofaa? Je, kuna siku ya kimataifa tunayopaswa kuifuata?

JIBU: Siku zipo kadhaa na hakuna inayowalazimisha. Tarehe 2 Aprili huadhimishwa tangu mwaka 1967 kama Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen mwaka 1805. Tarehe 8 Septemba ni siku ya kimataifa ya kujua kusoma na kuandika, iliyoanza kuadhimishwa mwaka huohuo wa 1967 baada ya UNESCO kuipitisha mwaka uliotangulia. Tarehe 23 Aprili ilitangazwa na UNESCO mwaka 1995 kuwa Siku ya Kimataifa ya Vitabu na Hakimiliki. Hutajwa sana kama siku ambayo Shakespeare na Cervantes walifariki mwaka 1616, ingawa Uingereza na Hispania wakati huo zilifuata kalenda tofauti, kwa hiyo tarehe ilifanana na siku hazikufanana. Uingereza hufanya yake Machi, na chama cha walimu nchini Marekani kilianza ya kwake tarehe 2 Machi 1998.

Mimi ningeiangalia kalenda ya shule kabla ya kalenda ya dunia. Msiiweke wiki hiyo karibu na mitihani, wala mwishoni mwa muhula. Ikae katikati, ili baada yake zibaki wiki kadhaa za masomo ambamo dakika 20 zinaweza kuendelea. Na mkichagua 23 Aprili, kumbukeni nusu ya pili ya jina lake: itakuwa aibu kuisherehekea hakimiliki kwa kudurufu kitabu kizima kwa ajili ya darasa zima.

SWALI: Mimi ni mkutubi wa shule. Baada ya wiki ya usomaji iliyopita, vitabu 37 havikurudi na vingine vilirudi vimechanika. Mwalimu mkuu sasa anataka visomwe maktabani tu.

JIBU: Mali bila daftari hupotea bila habari, na ninashuku kwamba wiki ile kila darasa lilijichotea bila kuandika. Fungua daftari lenye safu nne: namba ya kitabu, jina la mtoto, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Kila darasa liwe na mwanafunzi mmoja mwenye daftari hilo, abadilishwe kila mwezi. Vitabu vitoke kwa kubadilishana: huna cha kurudisha, huna cha kuchukua, isipokuwa yule aliyepoteza aje akueleze, na usimtoze mbele ya wenzake.

Kwa vilivyochanika, fungueni hospitali ya vitabu wiki moja kabla ya sherehe. Watoto wa darasa la tano wanaweza. Wape gundi nyeupe, brashi ndogo na vipande vya karatasi nyembamba, na uwakataze kabisa kutumia selotepu ya kawaida, kwani baada ya muda hugeuka njano, hukauka na kuacha doa linaloharibu ukurasa kuliko mchaniko wenyewe. Karatasi ya nta au ya plastiki iwekwe kati ya kurasa, kitabu kifungwe, kiwekewe kitu kizito usiku mzima. Mtoto aliyewahi kulisubiri jeraha la kitabu likauke huwa hakunji kona za kurasa tena.

Kwa mwalimu mkuu, mweleze hivi: vitabu vinavyochakaa ndivyo vinavyosomwa. Mwonyeshe rafu ambayo vitabu vyake ni vipya kabisa tangu viliponunuliwa, halafu mwache afikirie.

SWALI: Barua hii ninaandikiwa na mjukuu wangu ninayemlea. Mwalimu wake amewaalika wazazi na walezi waje kusoma darasani wiki ya usomaji. Mimi sikusoma. Mjukuu anasema niende, mimi ninaona haya. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo bibi. Nenda. Mtume mjukuu amwambie mwalimu mapema kwamba hutasoma, utasimulia, na mwalimu mwenye akili atakupangia siku ya Jumatatu, kwa sababu ninayokueleza sasa yanahitaji wiki nzima.

Kaa kwenye kiti cha chini kidogo, watoto wakuzunguke karibu, na usimulie hadithi moja unayoijua tangu utoto wako, fupi, ya dakika kumi. Usiipunguze kwa kudhani hawataielewa, na maneno ya kale yaache humohumo. Jumanne mwalimu awaombe watoto wailete tena, kila kundi na kipande chake, na waiandike. Jumatano wachore. Alhamisi karatasi zishonwe kwa uzi, jalada liwekwe, na jina lako liandikwe juu yake mahali pa mwandishi, kwa kuwa ndiwe mwandishi wake.

Kama utapenda kushika kitabu siku hiyo, viko vitabu vya picha visivyo na neno hata moja. Unafunua, unatazama, unasema unachokiona, na watoto wanakubishia. Huko nako ni kusoma, na madarasa ya mwanzo hukufanya kwa makusudi.

Ijumaa urudi. Mjukuu wako akusomee kile kitabu chako mbele ya wenzake, au kama naye anaona haya, awasomee watu wawili tu kwenye kona ya vitabu, wewe na mwalimu. Sikiliza kwa makini. Watoto hupenda kuruka sehemu za katikati ili wafike kwenye zimwi haraka. Wakiruka, wasimamishe, uwasimulie kilichobaki, na mwalimu awape karatasi nyingine.